Katibu Aliyekaa Nje ya Kamera

Watu wa Tunduma walimwita Katibu, na mimi nilimwita hivyo kwa muda mrefu kabla ya kujiuliza alikuwa katibu wa nani. Hakuwa mtu wa chama, hakuandikia kikoba chochote, wala kanisani hakushika cheo. Alikuwa na steshenari mtaa wa pili kutoka barabara ya malori: chumba cha mbele chenye mashine ya kutoa nakala, na chumba cha nyuma chenye meza moja, viti viwili na kompyuta mpakato. Chumba cha mbele kilimlisha. Cha nyuma ndicho kilichompa jina, kwa sababu humo ndimo vijana wa Tunduma, Vwawa na hata Mlowo walimokuja kufanyia usaili wa kazi kwa njia ya mtandao.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, wa umri ambao unamwamkia mtu bila kufikiri. Alivaa sweta la kijivu kila siku ya Mungu, hata jua likiwaka. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kindali cha milima ya Ileje, kinapanda pale ambapo wengine tunashuka. Lakini nilimsikia akiwapokea Wazambia waliokuja kutoa nakala za hati za mizigo, kwanza kwa salamu zao, "mulishani" na "bwino", kama wafanyabiashara wote wa mpakani, halafu Kiingereza cha ofisini kilichonyooka hivi kwamba nilisahau nilichokuwa nimekuja kununua. Nikajiuliza mtu wa namna hii amefikaje kwenye chumba chenye mashine ya nakala.

Mimi nilimjua kwa sababu ya kuchelewa. Nilikuwa nimemaliza chuo, ununuzi na ugavi, nikawa nakaa Tunduma kwa mama mdogo na kujazia fomu mawakala wa forodha siku wakizidiwa. Kampuni moja ya Dar es Salaam ikaniita kwenye usaili, saa nne asubuhi, kwa kamera. Nyumbani kwa mama mdogo palikuwa na kelele, kwa hiyo nikaomba nafasi kwa Katibu. Nikafika mapema, nimepiga pasi blauzi, simu yangu ikisema saa tatu na nusu. Saa ya ukutani kwake ilisema saa nne na nusu. Nikamwambia kwa adabu kwamba saa yake imekwenda mbele.

Hakubishana. Aliomba simu yangu, akaitazama kidogo, akanirudishia.

"Mwanangu," alisema, "simu yako iko Zambia."

Yeyote aliyekaa Tunduma anajua jambo hilo. Minara ya upande wa pili iko karibu, simu inahama bila kukuuliza, na huko wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Mimi nilikuwa nalijua pia, ila sikulikumbuka asubuhi hiyo. Nilifungua linki nikakuta kikao kimeshafungwa. Katibu aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia niwaandikie barua pepe palepale, nisiusingizie mtandao, nieleze kilichotokea katika mistari minne na kuomba nafasi nyingine kama ipo. Waliandika jioni ileile, kwa upole, kwamba haipo. Kesho yake nilikuta karatasi mpya kwenye mlango wa chumba cha nyuma, kwa herufi kubwa: SAA YA HUMU NDANI NI YA TANZANIA. Mimi aliniambia nirudi Alhamisi, tuanze upya.

Ndivyo nilivyoingia katika mazoezi yake, na mazoezi yake yalikuwa ya ajabu. Kompyuta aliiweka juu ya rimu tatu za karatasi ili kamera ilingane na macho. Nyuma ya kiti alitundika shuka la rangi ya maziwa. Kando ya kamera alibandika punje ya kahawa kwa gundi ya karatasi, na sheria ilikuwa kwamba unapojibu unaitazama ile punje, si uso wako mwenyewe kwenye kioo. Alisema watu wengi hushindwa kwa sababu wanakaa kujitazama.

Yeye hakukutazama. Aligeuza kiti chake, akakupa mgongo, akauliza swali kwa sauti ya mtu mwingine kabisa, sauti ya mwenyekiti wa kikao aliyechoka. Ukijibu, kalamu yake ilikimbia. Aliandika kwa hatimkato, yale maandishi ya mikunjo na vitone ambayo makatibu wa zamani walifundishwa ili mkono uende sawa na mdomo. Ukishamaliza, aligeuka akakusomea ulichosema, neno kwa neno, na kila "yaani" mahali pake. Siku ya kwanza nilitumia dakika tatu kueleza mimi ni nani. Aliponisomea, nilisikia "yaani" kumi na saba na kazi yangu sikuisikia hata mara moja. Hakunikaripia. Aliuliza tu kama huyo mtu ningemwajiri.

Majibu ya kukariri alikuwa hayataki, na nilikuja kujua chanzo chake. Kabla yangu alimwandaa kijana mmoja wa Mbozi, Lusekelo, aliyeitwa na kampuni ya simu. Wakati huo Katibu alikuwa bado anaandika majibu mazuri na kumpa mtu ayashike. Lusekelo aliyashika yote. Siku ya usaili wakamwuliza jambo dogo la kawaida, kwamba mteja akikutukana unafanyaje, na yeye akatoa jibu la swali la kwa nini anataka kazi hiyo, kwa sauti nzuri, mpaka mwisho. Katibu alikuwa kwenye kona ya chumba, anasikia. Lusekelo mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akicheka, maana sasa ana duka lake Vwawa na mambo yanamwendea. Alisema Katibu alichukua yale majibu yote aliyowahi kuwaandikia watu, akayatia kwenye pipa la taka mbele yake, na kumwomba radhi kama mtu aliyemwumiza mtoto wa mwenzake.

Kuhusu kelele alikuwa na mipango ya jemadari. Ukuta kwa ukuta na chumba cha nyuma kulikuwa na mashine ya kusaga nafaka ya mzee mmoja Mwislamu aliyehamia kutoka Tabora. Mashine hiyo ikianza, huwezi kusikia hata mawazo yako. Katibu alimwandikia yule mzee barua zake zote, za kiwanja, za msikiti, za watoto wake walioko shule za mbali. Kwa hiyo Katibu akitundika kitambaa chekundu dirishani, mzee alizima mashine. Kina mama wenye ndoo za mahindi walinung'unika kwenye foleni, naye akawaambia kuna mtoto wa mtu anatafuta riziki humo ndani, wasubiri kidogo. Mara nyingi walisubiri. Mmoja alikuwa akisogea dirishani kusikiliza, na usaili ukiisha yeye ndiye wa kwanza kusema kama kazi imepatikana au hapana.

Watu wenye aibu ya lafudhi aliwashughulikia kwa ukali wa aina yake. Sisi Wanyiha tunachanganya "l" na "r" tukiwa na hofu, na nilimwambia naogopa watanicheka. Akasema hao watu wanatafuta mfanyakazi, hawatafuti mtangazaji wa redio. Akanitaka niseme polepole tu, nimalize kila sentensi niliyoianza.

Sasa niseme na yale yasiyolingana. Alidai uvae viatu, hata kama kamera inaishia kifuani, kwa sababu alisema mtu asiye na viatu anajibu kama yuko sebuleni. Yeye mwenyewe chini ya meza alikaa pekupeku, ndala zake zimewekwa pembeni kama za mtu aliyeingia msikitini. Alichukia uongo kwenye karatasi, lakini simu yake ikiita na hataki kuongea, aliipokea kwa sauti nyembamba ya msichana na kusema Katibu yuko kwenye kikao, apigiwe kesho. Aliyafanya hayo mbele yangu, huku ananitazama machoni. Alikuwa na subira ya siku tatu kwa mtu aliyeshindwa kusema jina la chuo chake, halafu akamfukuza mteja aliyetaka nakala mbili kwa kuwa alipiga mluzi.

Na hakuna swali lililomhusu yeye mwenyewe alilolijibu. Mzee wa mashine aliniambia kwamba huyu mama alikuwa katibu muhtasi wa kampuni moja kubwa ya usafirishaji, kwamba wakubwa wengi walikuja na kuondoka yeye akiwepo. Aliachaje? Mzee hakujua. Wengine walisema aligombana na bosi, wengine kwamba alistaafu. Nilimwuliza mwenyewe siku moja, naye akanipa rimu ya karatasi niifungue.

Tuligombana mara moja, na ilikuwa juu ya miaka miwili. Baada ya chuo nilirudi kwetu Isansa kwa sababu mama alipata kiharusi. Baba alikuwa ameshafariki. Nilimhudumia mama na kusimamia kahawa mpaka dada yangu alipoweza kuhamia nyumbani. Miaka hiyo niliiona kama shimo katika wasifu wangu, nikaijaza: nikaandika kwamba nilijitolea kama afisa ugavi msaidizi kwenye ghala la rafiki wa baba mdogo, Mbeya. Katibu alisoma karatasi kabla ya kuichapa. Akageuza kiti. Akauliza mkuu wangu aliitwa nani, nikajibu. Akauliza magari yalipakilia upande gani wa ghala, nikabuni. Akauliza daftari la kupokelea mizigo lilikuwa na safu ngapi, na nikanyamaza.

Akanirudishia karatasi haijachapwa. Nikamwambia kwamba kila mtu anafanya hivyo, na kwamba yeye hajui njaa ya kazi. Alisema anaijua. Nikatoka nikaenda kuchapa kwingine.

Siku nne sikupita mtaa ule. Siku ya tano nilirudi, nikamwamkia, akaitikia kama kawaida, na kuniuliza ni nini hasa nilichokuwa nafanya Isansa. Sikutaka kueleza, nikaeleza hivyohivyo. Nikamweleza juu ya siku ile pikapu iliyobeba kahawa yetu na ya majirani wawili ilivyovunjika ekseli darajani, mvua inakuja, na kahawa mbivu ikilala kwenye magunia inaharibika. Nilikwenda kwa watu watatu wenye mikokoteni ya ng'ombe. Wa kwanza na wa pili walikuwa hawasemeshani kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, ikabidi nimpange wa tatu katikati yao njiani. Tulifika kwenye mashine ya kumenyea kabla giza halijaingia, na nilikuwa nimeandika kila gunia ni la nani, maana wakati wa kupanga nilijua watanigombania baadaye.

Katibu alinisomea yote hayo, na "yaani" zangu. Kisha akafunga daftari.

"Hiyo ndiyo miaka yako miwili," alisema. "Iandike."

Niliiandika. Kampuni ya pembejeo za kilimo ikaniita, kazi ya kusimamia usambazaji, kituo Mbeya. Siku ya usaili kitambaa chekundu kilikuwa dirishani, mashine imezimwa, saa ya simu yangu nimeiweka ya Tanzania mwenyewe kwa mkono. Upande wa pili walikaa watu watatu, mwanamke mmoja katikati. Katibu alikuwa kwenye kona yake, nje ya kamera, na daftari.

Walipofika kwenye lile swali la miaka miwili, umeme ukakatika. Kompyuta ilibaki inawaka, ila mtandao uliondoka. Katibu alikuwa ameshaamka. Aliweka simu yake mbele yangu, linki imeshafunguliwa, na katika haraka hiyo akabonyeza vibaya, kamera ya nyuma ikamwonyesha yeye. Uso wake ukajaa kwenye kioo. Nilimwona anaganda, kisha anashuka chini ya meza kama mtu aliyepigwa.

Nikaigeuza kamera. Mwanamke wa katikati akauliza kama kuna mtu mwingine humo. Nilisema ndiyo, mwenye ofisi, amenisaidia mtandao baada ya umeme kukatika, na majibu ni yangu. Akacheka kidogo, akasema angependa kumsalimu. Nilimtazama Katibu. Alitikisa kichwa, akainuka akatoka nje bila ndala zake. Nikawaambia ametoka. Halafu nikaeleza juu ya daraja na mikokoteni, na yule mwanamke akataka kujua wale wawili wasiosemeshana waliishia wapi. Hapo ndipo nilipojua ananisikiliza.

Kazi nilipata. Nilipompelekea habari, Katibu alinipa mkono, kwa mikono yake miwili, akaniambia nisinunue viatu vipya kabla ya mshahara wa kwanza. Juu ya kile kilichotokea chini ya meza hakusema kitu, na mimi sikuthubutu.

Nimekaa Mbeya sasa mwaka wa tano. Katika muda huo nami nimewekwa upande wa pili wa kamera, nawauliza watu maswali. Nawaona wanaojitazama wenyewe, nawaona walioshika majibu, na wakati mwingine naona kijana amenyamaza na natamani angekuwepo mtu wa kumwandikia kwa hatimkato na kumsomea ajisikie. Mwaka jana nilipita Tunduma nikakuta steshenari imekuwa duka la vipuri. Mzee wa mashine akaniambia Katibu amerudi kwao Ileje, anaishi na dada yake kijiji cha Mbebe.

Mwezi wa sita kazi ilinipeleka Ileje kuangalia mawakala wetu wa mbolea, na nikapanda mpaka Mbebe. Nilimkuta uani anamenya viazi, sweta lilelile. Alinitambua kabla sijamwamkia. Akaniuliza bado nasema "yaani". Nikasema kidogo. Akanipa kisu cha pili.

Tulimenya. Ukungu ulikuwa umekaa kwenye miti ya juu na ndani dada yake alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ndogo. Nikafikiri kwamba sasa sina cha kupoteza, nikamwuliza kwa nini siku ile alikimbia kamera.

Safari hii hakunipa kitu cha kufungua. Alimaliza kiazi alichokuwa nacho. Akasema kampuni yao ilinunuliwa na watu wapya, na watu wapya wakataka kila mmoja aombe upya kazi yake. Usaili ulifanyika kwa kamera, kwa kuwa wakubwa wapya walikuwa Dar es Salaam. Yeye ndiye aliyepanga ratiba. Yeye ndiye aliyekiweka kiti na kuwaita wenzake mmoja mmoja kwa majina, na wa mwisho kwenye orodha alikuwa yeye. Akakaa. Kwenye kioo kulikuwa na wageni watatu na mabosi wake wawili wa zamani, watu aliowaandikia kila neno kwa miaka kumi na tisa. Mmoja wa hao wawili akamwambia aeleze kazi yake.

"Nilinyamaza," alisema. "Niliona wanajua. Nimekaa nao chumba kimoja miaka yote hiyo, niliona haiwezekani wanauliza kweli. Wakasema, mama, fungua maiki. Wakarudia, fungua maiki." Alitupa kiazi kwenye sufuria. "Maiki ilikuwa wazi."

Walisubiri, wakamshukuru, wakakata. Wiki iliyofuata aliandika mwenyewe orodha ya waliobaki, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuiandika, na jina lake halikuwemo.

Nilikuwa nimewatazama watu wengi wakinyamaza mbele yangu, na wawili kati yao niliwaandikia kwamba hawajajiandaa. Nilimwambia hivyo. Akasema pengine kweli walikuwa hawajajiandaa, nisijisumbue kwa kila mtu.

Kisha nikaweka kisu chini.

"Katibu," nilimwambia, "kazi yako ilikuwa ipi? Mimi sijui. Nauliza kweli."

Alinitazama kuona kama namfanyia mchezo. Akafuta mikono kwenye kanga, mkono mmoja kisha wa pili, na akakaa vizuri kwenye kigoda.

"Nilikuwa nafika saa moja kasoro robo," alianza. "Ofisi nzima nafika peke yangu. Kwanza nasoma mawasiliano ya usiku ya madereva, nani yuko wapi, nani amekwama, halafu naandika barua za mpakani kabla bosi hajaamka, maana akiamka ataanza kubadilisha maneno."

Alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka hivyo. Akaendelea, habari za dereva aliyefungwa Nakonde, upande wa Zambia, kwa jina lililokosewa herufi moja na mtu mwingine, na namna alivyovuka mpaka yeye mwenyewe kwa miguu na karatasi ndani ya blauzi kwenda kumtoa. Habari za vikao alivyokaa vya watu wasioelewana, ambavyo muhtasari wake ndio uliowafanya wadhani wameelewana. Alisema polepole na kumaliza kila sentensi. Ndani wimbo ukakoma. Dada yake akaja akasimama mlangoni na mwiko mkononi, na baada ya muda akavuta kiti akakaa, kwa sababu kwake pia, aliniambia baadaye nikiondoka, ilikuwa mara ya kwanza kusikia.

"Na hakuna gari," alisema Katibu, "hata moja, miaka kumi na tisa, lililolala mpakani kwa kosa la karatasi niliyoiandika mimi."